Kibati cha Eliya

Igalamilo, Sikonge
14 Aprili 2024

Fundi Sabiri, shikamoo.

Hunijui. Naitwa Recheli, mjane wa Eliya. Barua hii nimempa Ezekia, yule dereva wa lori la tumbaku anayetengenezea vitu vyake kwako hapo Isevya. Nilimuuliza kama wewe ni mwaminifu. Akasema uliwahi kumrudishia boliti ambayo hata hakujua kwamba anayo. Nikaona huyo ni mtu wa kuandikiwa.

Shida yangu ni hii. Nina pikipiki aliyoniachia marehemu mume wangu, na kazi yangu ni kubeba asali. Warina asali wakitoka kambini porini, mimi nachukua madumu yao hadi ghala la kikundi kijijini. Njiani kuna kilima tunachokiita Tuamizigo. Wazee wanasema wapagazi wa enzi za misafara walitua mizigo yao pale chini, wakavuta pumzi kabla ya kupanda. Na mimi natua. Injini inazimika katikati ya mchanga, nashusha madumu, napandisha pikipiki tupu, kisha narudi kuyabeba kichwani moja moja. Mwaka jana kikundi kilinivumilia. Mwaka huu mwenyekiti wetu, Bwana Damas, amesema wazi kwamba msimu ukianza asali itabebwa na chombo kinachopanda kilima na mzigo wake. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa mwingine, na pikipiki nitaiuza kwa sababu sitakuwa na cha kuilisha.

Sitaki kuiuza. Sababu yake nitakueleza tukizoeana.

Nataka injini iongezwe nguvu. Ila mafundi wameniumiza. Mmoja huku njiani nilimwachia pikipiki asubuhi, jioni akanirudishia ikiwa na kabureta chovu ya pikipiki nyingine, akaapa kwamba ndiyo yangu. Nilikuja kuikuta yangu kwenye pikipiki ya binamu yake. Kwa hiyo usiniambie "lete tu, dada". Niambie kwanza utafanya nini, na mimi nitajuaje kwamba umekifanya.

Wako,
Recheli


Isevya, Tabora
22 Aprili 2024

Dada Recheli,

Marahaba. Pole kwa kufiwa, ingawa salamu yangu imechelewa.

Umeuliza vizuri, kwa hiyo nakujibu kwa mpangilio wako. Nitashusha injini. Silinda itapanuliwa kwenye karakana ya kuchonga vyuma ya jirani yangu Wilbroad, nikiwa nimesimama pale pale, kisha nitaweka pistoni kubwa zaidi na ringi zake. Njia ya mafuta kwenye kabureta itapanuliwa kidogo ili injini isife njaa. Nyuma nitafunga sproketi yenye meno mengi, ndiyo itakayokuvusha mchangani. Haitakuwa pikipiki ya mbio. Barabara ya tambarare utapitwa na vijana wa bodaboda, na wewe waache wapite. Itakula mafuta zaidi ya zamani kidogo, na oili usiicheleweshe kamwe.

Utajuaje? Mimi situpi kitu cha mteja. Kila ninachokitoa kwenye chombo chake nakiweka mfukoni na kumrudishia, hata nati iliyokatika. Vingi havina kazi tena. Lakini mtu akishika pistoni yake ya zamani mkononi, hahitaji kiapo changu.

Neno moja. Namba yangu ya simu Ezekia anayo, ila usihangaike kuipiga. Nimezoea kuandika, na barua za lori zinafika.

Nakusubiri,
Sabiri


Igalamilo
3 Mei 2024

Fundi Sabiri, shikamoo.

Pikipiki ndiyo hiyo, Ezekia ameifunga kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Hakuna fundi aliyewahi kuniambia kwamba nitapitwa barabarani.

Kabla hujaifungua, nikueleze sababu niliyokuahidi. Naishi na mama mkwe wangu. Tunamwita Mayo, mama kwa Kinyamwezi chetu. Macho yake yamekwisha, haoni hata mwanga wa moto. Eliya alipokuwa hai, pikipiki ikifika kwenye bani la kukaushia tumbaku la jirani, Mayo alikuwa ameshaijua. Anainuka, anashika fremu ya mlango, anasimama kumpokea mwanawe. Eliya amekufa, na mimi ndiye ninayeiendesha, lakini Mayo anasimama vile vile. Usidhani akili zake zimeyumba. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mayo, ni mimi." Akanijibu, "Najua ni wewe. Nilimzika mimi mwenyewe. Lakini sauti yake hatukuizika, niachie niipokee." Tangu siku hiyo sijasema tena.

Basi ombi langu ni moja, na kwangu linapita nguvu zote. Ongeza unachoweza kuongeza, ila sauti ibaki ile ile. Ikirudi inanguruma kama pikipiki ya mtu mwingine, nitakuwa nimeiuza bila kuiuza.

Nikuambie na jingine, usije ukaliona ukanichukia. Chini ya kabureta na pembeni ya injini nimekwaruza alama kwa msumari: mistari miwili na duara. Ndiyo alama ya mizinga ya Eliya. Huku kwetu mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi na mwingine hata ukiukuta katikati ya pori. Niliiweka kwa sababu ya yule fundi wa binamu, si kwa sababu yako.

Recheli


Isevya
16 Mei 2024

Dada Recheli,

Alama nimeiona na sikuchukia. Mwenye mali ana haki ya kuweka alama. Kabureta ni ile ile, nimeisafisha tu na kupanua njia ya mafuta.

Injini imekubali. Pistoni ya zamani ilikuwa imechoka mno, sijui ilikufikisha vipi hata hapo chini ya kilima. Mfuko wa vitu vya zamani nimempa Ezekia, utaupata pamoja na barua hii.

Kuhusu sauti, usiwe na wasiwasi. Sauti ya pikipiki inatoka kwenye eksozi, na eksozi yako sijaibadilisha ingawa fundi yeyote angekushauri uweke pana. Ilikuwa na tundu upande wa kulia, limefunikwa kwa kibati cha kopo la mafuta ya kupikia na kufungwa kwa waya. Hilo tundu nimeliziba kwa kuchomelea, kazi safi, na sikudai kitu. Ni zawadi kwa Mayo.

Imebaki kupima na kurekebisha.

Sabiri


Igalamilo
23 Mei 2024

Fundi,

Mfuko umefika. Mayo aliumwaga kwenye mkeka, akavishika kimoja kimoja kwa vidole vyake, akaniuliza kila kitu kilikuwa kikikaa wapi. Jioni nzima tulikuwa kwenye injini. Asante kwa hilo.

Sasa nina wasiwasi na nitausema. Juzi nilikwenda Sikonge ambako simu inashika, nikakupigia. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena. Ni swali dogo tu: umeshaiwasha, na inaliaje? Mtu anayeahidi sauti, halafu hataki kusikia ya anayeingoja, mimi ananitia shaka. Na Bwana Damas ananiambia msimu umeshafika mlangoni.

Nijibu hilo moja.

Recheli


Isevya
29 Mei 2024

Dada Recheli,

Nimeiwasha. Inaenda vizuri sana, imetulia, haitetemeki ovyo. Utaifurahia. Simu nisamehe, gereji ina makelele.

Sabiri


Igalamilo
9 Juni 2024

Fundi Sabiri, shikamoo.

Alhamisi nilikuwa Tabora na hukujua. Nimekaa siku kadhaa nikifikiri kama nikuambie. Nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekuficha jambo wakati nimekuja juu kwa kukushuku unanificha.

Barua yako fupi ilinipandisha hasira. Nikapanda lori, nikateremka Isevya nikiwa nimeshapanga maneno yote, mengine si ya kumwambia mtu wa rika lako. Nilisimama mlangoni pa gereji yako, nikapiga hodi. Ulikuwa umenipa mgongo, umechuchumaa kwenye pikipiki yangu. Nikapiga hodi tena kwa nguvu, mpaka mtu wa duka la ng'ambo ya barabara akageuka. Wewe hukugeuka. Ukaiwasha injini, ukaweka kiganja kwenye tangi, mwisho wa bisibisi ukauuma kwa meno na ncha yake ukaigusisha kwenye silinda. Ukafumba macho. Nikakuona unatabasamu peke yako, kama mtu aliyeonja chakula akakuta chumvi imekaa sawa.

Na mimi nilikuwa naisikia, fundi. Ilikuwa injini nzuri. Ilikuwa injini ya mtu nisiyemfahamu.

Hapo nikaelewa kwa nini hupokei simu. Hasira ikanitoka yote, sikujua hata niiweke wapi. Nikaogopa kwamba nikikugusa bega utanisoma usoni kwamba sauti siyo, na wewe ulikuwa umefurahi vile. Nikarudi nilikotoka.

Nyumbani nikamwambia Mayo kwamba pikipiki haiko tayari. Sikumwambia habari za masikio yako, hilo ni lako. Nilimwuliza tu, "Mayo, kama ungetaka kumweleza mtu sauti ile bila kutumia neno la sauti, ungesemaje?" Akafikiri sana. Kisha akainyoosha miguu yake mkekani, akaniambia nimshike shavu la mguu wa kulia. Akasema Eliya alipokuwa akimpeleka kliniki Sikonge, akimweka nyuma, mguu ule ulikuwa unagongwa. Barabarani, pikipiki ikikimbia, alikuwa hasikii kitu. Wakikaribia nyumbani na Eliya akipunguza mwendo, kitu kinaanza kumgonga pale, kidogo kidogo, haraka haraka, kama kucha ya mtoto kwenye kikombe cha bati. Akachukua mkono wangu, akanigongea kwa kidole chake kwenye mfupa wa mkono, akaniambia, "Hivi. Mwandikie hivi."

Nimekuandikia. Sijui kama itakusaidia. Kama haiwezekani, nirudishie pikipiki kama ilivyo na sitakulaumu. Msimu umeanza, Bwana Damas amenipa mpaka mwisho wa mwezi kwa huruma.

Na mimi nisamehe kwa kuchungulia mlangoni kwako.

Recheli


Isevya
13 Juni 2024

Dada Recheli,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa chini nyuma ya gereji ili Wilbroad asinione.

Ni kweli. Masikio yangu yamekwenda taratibu, miaka mingi ya kulala na injini zikiunguruma. Sasa hayana kitu. Wateja wanaokuja uso kwa uso nawasoma midomo, na wasionielewa wanasema nina maringo, nami nimewaacha waseme hivyo. Niliogopa kwamba watu wakijua hawataniachia vyombo vyao. Nani amwachie injini fundi asiyeisikia? Nilipoona ombi lako kuhusu sauti nilipaswa kukuambia siku ile ile. Badala yake nikajipa moyo kwamba eksozi ikibaki, sauti imebaki. Nimekukosea, na nimeumia zaidi kwa kuwa uliniona nikitabasamu.

Lakini nakuambia kwa furaha kwamba nimeelewa. Uliposema shavu la mguu wa kulia, niliinuka nikakaa nyuma ya pikipiki, mahali anapokaa abiria. Mguu wa kulia unafika kwenye eksozi, palepale penye tundu nililoliziba. Hakuna kitu kingine hapo cha kugonga. Ni kile kibati. Eliya alikifunga kwa waya, na waya ukalegea. Mwendo ukiwa mkubwa upepo wa eksozi unakisukuma kikakaa kimya. Mwendo ukipungua kinacheza. Sauti ya mwanawe Mayo nimeing'oa mimi kwa koleo, nikaifanya zawadi.

Tundu nimeshalifungua tena, na nguvu haikupungua. Kibati siwezi kukitengeneza upya. Bati jingine litagonga, lakini kwa namna yake lenyewe. Nahitaji kile kile, na mimi sinacho, kwa sababu nilikirudisha. Angalia kwenye mfuko, kiko chini, kimepinda upande mmoja na kina kutu. Tafadhali niambie hamjakitupa.

Sabiri


Igalamilo
17 Juni 2024

Fundi Sabiri,

Niliukung'uta mfuko mara ya kwanza, mara ya pili nikaugeuza ndani nje. Pistoni ipo, ringi zipo, nati zipo. Kibati hakuna. Nikatafuta jalalani kwa mikono, nikakaa chini nikalia, nakuambia bila aibu.

Mayo akauliza nalilia nini. Nikamwambia. Akaingiza mkono chini ya mto wake, akakitoa. Alikuwa ameshakijua siku ile ya mkekani. Vidole vyake vilikuta pale waya ulipopita, akakumbuka Eliya akilikata kopo kwa panga, akijikata na kidole, akilalamika kama mtoto. Akakificha. Alikuwa analala nacho.

Nikamwambia, "Mayo, ukikitoa hutakuwa nacho tena kitandani." Akasema, "Kitandani hakilii. Kipeleke."

Nimekifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani. Kitambaa kirudi.

Recheli


Isevya
30 Juni 2024

Dada Recheli,

Nimefika salama kwa lori la Ezekia, na mgongo wangu bado uko Igalamilo. Asante kwa chakula, na kwa asali niliyoibeba magotini njia nzima kama mtoto mchanga.

Niliamua kuileta pikipiki mwenyewe kwa sababu sikutaka kuambiwa kwa barua kama nimeshindwa. Nilipowakuta chini ya Tuamizigo, wewe na Bwana Damas, na madumu yamepangwa kando ya njia, nilizima injini nikashuka. Nilitaka upande wewe. Ulininyooshea kidole kilimani na mdomo wako niliusoma vizuri: "Aliyeisuka aipandishe." Mlinifungia madumu yote, na Bwana Damas akaongeza lake la ziada, nilimwona. Mchanga ulinishika katikati, pale unaposema ilikuwa inazimika. Niliisikia injini kwenye mapaja ikijikusanya, ikavuta. Sikutua.

Madumu yaliposhushwa ghalani, ukapanda nyuma, tukaelekea kwenu, nikapunguza mwendo kwenye bani. Kibati kikaanza. Sikuwa na haja ya kuuliza, nilirudisha mguu nyuma kikanigonga, kidogo kidogo, haraka haraka. Na Mayo alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshika fremu.

Sasa nina ombi. Alipokuja, akashika tangi, akashuka na mkono mpaka karibu na eksozi. Nilitaka kumzuia asiungue, lakini mkono ulisimama mahali panapostahili. Kisha akanishika kiganja, akasema maneno mengi, na uso wake alikuwa ameuinamisha, sikuona midomo. Niliitikia kwa kichwa kama bwege. Wewe ulikuwa unacheka na kulia pamoja, nikaona haya kukuuliza mbele ya watu.

Tangu siku ile sijafikiri kitu kingine. Niandikie, alisema nini?

Halafu angalia ubavuni mwa silinda iliyopanuliwa. Alama ya zamani ilifutika kwenye mashine, nikaikwaruza tena: mistari miwili na duara. Sikutaka mtu akiukuta mzinga huo njiani auone hauna mwenyewe.

Sabiri


Igalamilo
6 Julai 2024

Fundi Sabiri, shikamoo.

Kazi ninayo. Bwana Damas ametangaza mbele ya kikundi kizima, na lile dumu lake la ziada anajidai alilisahau pale kwa bahati mbaya. Alama nimeiona. Niliishika kwa kidole nikakaa nayo muda.

Maneno ya Mayo nakuandikia kama yalivyotoka. Kwanza alisema, "Nimeisikia kuanzia kilimani. Leo haikutua." Halafu akasema jina la Eliya, akasema asante, sijui kwa nani kati yenu. Ndipo alipokushika kiganja, akanigeukia mimi, akasema, "Recheli, mafundi wote niliowajua walikuwa mikono tu. Huyu ana masikio."

Ndiyo maana nilicheka, na ndiyo maana nililia. Sikumsahihisha.

Nyumbani tulipobaki wawili, aliniuliza kwa nini hukumjibu. Nikaona si vema nimfiche, nikamwambia. Alikifunga upya kitambaa chake cha kichwani. Kisha akaniuliza, "Basi nilichosema hakukisikia?" Nikamwambia hukukisikia, lakini nitakuandikia. Akasema nikuandikie, na ukija tena hatasema kwanza, atakushika mkono kwanza.

Kwa hiyo njoo. Injini ikihitaji kukazwa, njoo, na isipohitaji, njoo vile vile. Nitakupokea Sikonge, na wewe ndiye utakayeendesha. Ukifika kwenye bani punguza mwendo. Mayo atakuwa mlangoni.

Recheli